Kila nikinyoa natokwa na vipele, na kazini hawataki kuona ndevu

"Shikamoo daktari. Nina miaka 28, nafanya kazi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Utaratibu wetu ni kwamba huingii chumba cha kukatia minofu ukiwa na ndevu, na msimamizi anatukagua videvu mlangoni. Ndevu zangu ni ngumu na zimejiviringa. Nikinyoa leo, kesho niko safi, keshokutwa shingoni na chini ya taya vinatoka vipele vigumu, vinawasha, vingine vina usaha kidogo, na vikipona vinaacha madoa meusi. Mama anasema ni damu chafu, kinyozi wangu wa Kirumba anasema ni maji ya ziwa. Nimepaka limao, spiriti na dawa ya meno. Nimemeza amoksilini dozi tatu. Kuna tyubu nilinunua duka la dawa, ikaniponya kabisa kwa wiki mbili, nilipoiacha vikarudi vingi kuliko mwanzo. Sasa nimenunua wembe ule wa nyembe tano ili nikate mpaka kwenye mzizi, nanyoa kila asubuhi huku nikivuta ngozi, lakini naona hali inazidi. Nifanye nini? Na nikiziacha ziote nitapona, au ndiyo nitafukuzwa kazi?"

Marahaba, mdogo wangu. Swali lako nimelisoma huku najipapasa shingo, maana chini ya taya yangu ya kushoto kuna kovu la ukubwa wa punje ya mchele, nililipata nikihangaika na vipele hivihivi. Nitakusimulia mbele kidogo.

Kwanza nikutoe wasiwasi. Huna damu chafu, hukuambukizwa na mtu, wala hutamwambukiza mtu kwa vipele hivyo. Ulivyoeleza, ndevu ngumu za kujiviringa, vipele vinavyokuja siku ya pili au ya tatu baada ya wembe, na mahali penyewe ni shingoni na chini ya taya, hivyo ni vipele vya ndevu tunavyoviona kliniki za ngozi kila wiki. Vinaletwa na ndevu zako mwenyewe, zimekatwa karibu mno na ngozi, zikarudi kuichoma. Kwa hiyo ule wembe wa nyembe tano, ile kuvuta ngozi, na ile nia ya kufika "kwenye mzizi", hayo matatu ndiyo yanayokumaliza. Najua inaudhi kuambiwa hivyo, mtu anaamka alfajiri ananyoa kwa bidii, kumbe bidii ndiyo inayomwumiza.

Fanya jaribio. Siku ambayo hujanyoa kwa siku kama tano, kata udevu mmoja na mkasi, uweke juu ya karatasi nyeupe, utazame karibu na dirisha. Utauona umepinda kama ndoana. Kule chini ya ngozi, kifuko unamoota udevu huo nacho kimepinda, na udevu wenyewe si wa mviringo kama waya, umebapa kidogo kama utepe. Wenzetu wenye ndevu za kunyooka, kifuko chao kimesimama wima au kimelala kidogo tu, udevu ukitoka unakwenda zake mbele. Wa kwako unatoka ukiwa umeshaelekezwa kugeuka nyuma. Ukiwa mrefu haina neno, unajizungusha hewani na kutengeneza ule msokoto unaouona kwenye ndevu za wazee. Shida inaanza ukiwa mfupi na una ncha kali.

Na wembe unatengeneza vyote viwili. Unaukata udevu mshazari, ncha inabaki kama ya mkuki. Ndevu hukua kiasi cha theluthi ya milimita kwa siku, hivyo siku ya tatu una kama milimita moja nje. Urefu huo unatosha kujikunja, kuigusa ngozi ya pembeni na kuingia. Ndiyo maana kesho yake uko safi na keshokutwa yanaanza.

Kuna njia ya pili, na hiyo huioni hata kwa kioo. Wembe wa nyembe nyingi umetengenezwa ili wembe wa kwanza uukamate udevu na kuuvuta juu kidogo, unaofuata uukate, na kabla haujarudi chini wa tatu uukate tena. Ukiongeza na kuvuta ngozi kwa vidole, ukiiachia tu ile ncha inazama chini ya uso wa ngozi. Ukipitisha mkono unahisi laini kama shavu la mtoto, unafurahi. Lakini ile ncha inaanza kukua ikiwa bado ndani, kifuko kimepinda mbele yake, na badala ya kufuata kona inatoboa ukuta na kuingia kwenye nyama.

Wewe ni mtu wa samaki, bila shaka umewahi kuchomwa na mwiba wa pezi ukabaki kipande ndani ya kidole. Kidole kinavimba, kinapwita, baadaye kinatunga usaha, hata kama ulinawa kwa sabuni. Mwili hauvumilii kitu kigeni ndani yake, na udevu ukishaingia mahali usipotakiwa mwili unauona kama mwiba tu. Unatuma askari wake kuuzingira. Ule ugumu unaoupapasa ni kambi yao, na huo usaha mara nyingi ni maiti zao. Usaha kuwepo hakumaanishi lazima kuna bakteria. Ndiyo sababu dozi zako tatu za amoksilini hazikufanya kitu: ulikuwa unapiga risasi ambako adui hayupo. Wakati mwingine bakteria wa ngozini huingilia kidonda hicho, na hapo antibiotiki huwa na kazi, lakini huo ni uamuzi wa mtu aliyekutazama, tena hiyo amoksilini wala si chaguo zuri kwa bakteria wa kawaida wa ngozi.

Mama yako simpingi kwa jeuri, lakini mwambie damu haina njia ya kuchagua shingo peke yake. Na kinyozi wako muulize swali moja: kama ni maji ya ziwa, mbona paji la uso liko safi? Unanawa uso mzima kwa maji hayohayo. Maji ya bomba ya jiji hili nayo yanavutwa kutoka ziwani, kama pale Capri Point, yakasafishwa. Yangekuwa ndiyo chanzo, dada zako na mama mwenyewe wangekuwa na shingo kama yako. Ziwa lina lawama zake. Mabuu ya kichocho hupenya ngozi ya mtu anayeogelea au kuosha vyombo ufukweni, na huweza kumwasha, lakini yanaingia popote maji yalipogusa, miguuni, mapajani, mikononi. Hayatafuti mahali palipopita wembe. Kama unaoga ziwani mara kwa mara, kapime kichocho kwa sababu zake zenyewe, usikichanganye na ndevu.

Limao, spiriti na dawa ya meno viweke kando leo. Spiriti juu ya ngozi iliyokwaruzwa inaunguza na kukausha, ule mchomo tuliozoea kuuita "inaua vijidudu" ni ngozi inalalamika. Limao lina jambo baya zaidi: ukilipaka kisha ukatoka juani, kuna kemikali ndani yake inayoshirikiana na jua kuiunguza ngozi na kuacha weusi unaokaa miezi. Sishangai baadhi ya madoa yako yakiwa ni kazi ya limao na wala si ya vipele.

Sasa hiyo tyubu, hapa nataka tukae kidogo.

Dawa inayoponya vipele vyako "kabisa" kwa wiki mbili, kisha vikarudi kwa hasira ulipoiacha, naikisia kabla hujaniambia jina. Geuza tyubu, achana na jina kubwa la biashara, soma yale maandishi madogo chini yake. Ukikuta klobetasoli au betamethasoni, hiyo ni steroidi kali. Mara nyingi huchanganywa na dawa ya fangasi na antibiotiki kwenye tyubu moja ili muuzaji asihangaike kujua unaumwa nini. Kazi yake ni kuwanyamazisha wale askari. Uvimbe unalala, kuwasha kunaisha, ngozi inang'aa, huku miiba bado imo ndani na mingine inaingia kila asubuhi. Ukiendelea nayo usoni ngozi inakonda, inaota vipele vya aina nyingine vinavyofanana na chunusi, inabadilika rangi, na kama kulikuwa na fangasi wanatambaa kimyakimya chini ya kivuli cha dawa. Ukiiacha, kila kilichokuwa kimezibwa mdomo kinaongea kwa mpigo. Kama umeitumia siku chache, acha tu. Kama umeipaka kila siku kwa miezi, usiikate ghafla peke yako, njoo tuipunguze taratibu.

Tuje kwenye tiba yenyewe. Dawa ya uhakika kuliko zote ni kuacha wembe. Nasema hivyo nikijua kazi yako, na suala la kazi nitalifikia. Ukiacha ndevu ziote, wiki ya kwanza na ya pili usitarajie raha. Zile zilizokwisha kukatwa zitaendelea kujikunja na kuchoma, vipele vinaweza hata kuongezeka, na hapo ndipo wengi wanakata tamaa na kurudi kwenye wembe, wakiamini kwamba ndevu ndefu zimewazidishia ugonjwa. Vumilia. Udevu ulionaswa unaendelea kurefuka, na ukikaribia sentimita moja unakuwa na nguvu kama springi, unajifyatua wenyewe kutoka kwenye ngozi. Baada ya wiki nne hadi nane wengi wanakuwa wametulia. Katika kipindi hicho, kila jioni loweka taulo safi kwenye maji ya uvuguvugu, likamue, lilaze shingoni dakika kumi. Kisha pitisha mswaki laini uliotengwa kwa kazi hiyo, kwa miduara, kama unayemtekenya mtoto. Ukiusugua kama unasugua sufuria utajitia vidonda vipya.

Simama mlangoni asubuhi na kioo cha mkononi, jua likija kwa pembeni. Kwenye baadhi ya vipele utaona uzi mweusi umelala chini ya ngozi nyembamba, au kitanzi: udevu umetoka huku ukaingia kule. Hicho kitanzi ndicho pekee unachoruhusiwa kukigusa. Chukua sindano mpya au iliyosafishwa kwa spiriti, ipitishe chini ya kitanzi, inua ncha ile iliyozama itoke nje, basi, uiache hapo. Usiung'oe. Ukiung'oa, mwingine utaanza kuota kutoka chini kabisa, na una nafasi kubwa ya kutoboa ukuta kabla ya kufika juu.

Hapo ndipo kovu langu lilipozaliwa. Nilikuwa daktari wa mafunzo, usiku wa zamu, nina kipele kimoja kigumu chini ya taya ambacho hakikuonyesha kitanzi wala uzi. Nikaamua udevu upo tu, nitautafuta. Nilichimba kwa sindano mbele ya kioo cha chooni karibu nusu saa, damu ikinitoka, sikupata kitu. Kipele kikavimba mara tatu, kikapona kikiwa kigumu, na mpaka leo wembe ukipita hapo unaruka. Kama huuoni udevu, usiutafute.

Kuhusu kazi. Kanuni ya usafi wa chakula inataka nywele zisidondoke kwenye minofu. Hilo linaweza kutimizwa kwa kunyoa, na linaweza kutimizwa kwa kifuniko cha ndevu, kile cha kitambaa chepesi au wavu kinachovaliwa kidevuni kama mnavyovaa kofia za nywele kichwani. Viwanda vingi vya chakula duniani vinavitumia. Njoo kliniki, tukikuona tutakuandikia barua inayoeleza ugonjwa wako na kuomba uruhusiwe kubaki na ndevu fupi zilizofunikwa, angalau kwa miezi miwili ya kutulia. Nenda kwa msimamizi na barua mkononi na pendekezo la kifuniko, tena nenda mapema, usisubiri siku uliyorudishwa getini mbele ya watu. Ukiona ugumu, zungumza na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Wala hutakuwa wa kwanza duniani kuleta jambo hili mezani: jeshi la Marekani lilitoa vibali vya kutonyoa kwa askari wenye vipele hivi kwa miongo mingi, na mwaka 1993 mahakama ya rufaa huko iliikatalia kampuni moja ya kusambaza piza sharti lake la kidevu kitupu, kwa sababu lilikuwa linawafungia mlango wanaume weusi wenye hali kama yako. Sheria za kule si za huku, ila hoja inaeleweka popote.

Kama kifuniko kitagoma, basi tutafute namna ya kuonekana nadhifu bila kugusa ngozi. Hapa mashine ya kinyozi ndiyo rafiki yako, kwa masharti. Kitana cha namba moja kinaacha kama milimita tatu, cha nusu kinaacha milimita moja na nusu. Kwa mbali unaonekana umenyoa, kwa karibu kuna kivuli, na wasimamizi wengi wanakikubali kivuli. Udevu wa urefu huo hauzami chini ya ngozi, na ukipitisha mashine kila baada ya siku mbili haupati muda wa kujikunja vizuri. Mwambie kinyozi wako wa Kirumba mambo haya kwa mdomo kabla hajakufunga shuka: asipige zero, asikandamize mashine, asirudie mahali pamoja mara tano, na akimaliza asichukue kiwembe "kuchonga laini". Ile laini ya shingoni inayopendwa sana na vijana ndiyo mstari wenyewe ambao vipele vyako vimejipanga, tazama kwenye kioo utaona. Halafu yule dada anayekuita ukaoshwe na kusuguliwa skrabu, mshukuru, umpe chake, ukatae skrabu. Ngozi imetoka kunyolewa, inasuguliwa mchanga, kisha inamwagiwa spiriti, halafu tunalaumu ziwa.

Nunua mashine yako kama unaweza, hata ya bei ndogo. Kile kisanduku chenye taa ya bluu saluni hakinipi imani sana: mwanga ule unafanya kazi pale tu unapofika, na chini ya nywele na mafuta yaliyoganda kwenye meno ya mashine haufiki. Vipele vya ndevu haviambukizi, lakini mapunye na majipu yanaambukiza, na kiwembe kilichomkata mwingine kinaweza kubeba homa ya ini aina ya B au VVU. Kama ni lazima kiwembe, kifunguliwe kwenye karatasi yake ukiwa unaona.

Na kama umebanwa kabisa, wembe ni lazima? Basi tumia wembe mmoja, siyo tano. Zisome ndevu zako kwanza kwa kuzipapasa: pitisha kidole upande huu na upande ule ujue zinalalia wapi, maana shingoni nyingi huelekea juu au pembeni, na mtu anayenyoa kutoka juu kwenda chini kwa mazoea huwa anakwenda kinyume bila kujua. Nyoa baada ya kuoga, ngozi ikiwa imelowa dakika kama tano. Udevu uliolowa unalainika na hukatika bila ncha kali sana. Paka povu nzito, liache dakika mbili. Fuata zinakolalia, mikono yote miwili iache ngozi ilivyo, usiivute, mpito mmoja, wa pili ikibidi sana. Suuza wembe kila baada ya mpito. Maliza kwa maji ya baridi na losheni isiyo na manukato wala spiriti. Utabaki na ukwaruukwaru ukipapasa, na ndivyo inavyotakiwa. Kuhusu kunyoa kila siku au kuruka siku, hatukubaliani wote: wapo wanaopata nafuu kwa kunyoa kila siku kwa upole, kwa kuwa udevu haupati urefu wa kurudi, na wapo ambao ngozi yao inataka kupumzika siku mbili. Jaribu kila moja kwa wiki tatu, shingo yako itakuambia.

Kuna njia nyingine ambayo kwa mtu wa kazi kama yako naipenda kuliko wembe, ingawa inanuka kama yai bovu. Ni zile poda na krimu za kuyeyusha ndevu. Zinavunja viunganishi vinavyoupa udevu ugumu wake mpaka unakuwa kama uji, unaukwangua kwa kijiti au kitambaa chenye unyevu. Udevu unaobaki una ncha butu, haichomi kirahisi. Ubaya wake ni kwamba ngozi nayo imetengenezwa kwa protini ya jamii hiyohiyo, ukizidisha dakika unaungua. Jaribu kwanza kidogo mkononi, ndani ya kiwiko, usubiri siku mbili. Usoni fuata dakika zilizoandikwa kwenye pakiti, weka saa, usikisie, na usirudie kabla ya siku nne. Usipake juu ya vipele vyenye vidonda, na siku hiyohiyo usipake piko wala bleki kwenye ndevu.

Dawa za kupaka zinasaidia zikiambatana na hayo, peke yake hazitoshi. Krimu ya tretinoini au adapalini, kidogo kama punje ya njegere, usiku, inapunguza ganda linaloziba mdomo wa kifuko. Anza kwa usiku mmoja kwa kuruka mmoja, maana inakausha. Asubuhi benzoili peroksaidi asilimia 2.5 au 5 inafaa kama kuna usaha, ila itafubaza taulo na kola ya shati. Haidrokotizoni ya asilimia 1, siku tatu nne tu, inaweza kutuliza vikiwa vimewaka sana. Nyingine zote zinahitaji daktari. Leza ipo, na kwa mwenye tatizo sugu ndiyo iliyo karibu zaidi na suluhisho la kudumu, kwa sababu inaharibu mzizi wenyewe. Lakini ngozi nyeusi inahitaji leza ya aina maalumu, ya mawimbi ya nanomita 1064, ambayo inapita rangi ya ngozi bila kuiunguza sana. Ukipigwa ya aina isiyofaa unaweza kutoka na malengelenge na mabaka. Ni ya gharama na inarudiwa mara kadhaa. Ukiambiwa ipo mahali, uliza aina yake kabla ya kuuliza bei.

Madoa meusi yatafifia yenyewe vipele vikikoma, kwa miezi, siyo wiki. Jua linayachelewesha. Usiyafukuze kwa mkorogo. Zile krimu za kung'arisha zisizoeleweka nyingine zina zebaki, nyingine zina steroidi ileile tuliyoikimbia kwenye tyubu, na utakuwa umerudi mlango wa nyuma.

Sasa niambie kama una mojawapo ya haya, maana hapo simu na maandishi havitoshi. Kipele kimoja kimevimba, kina maumivu na joto, au una homa. Vipele vipo hata sehemu usizonyoa. Majipu yanajirudia, hapo tutapima sukari na VVU bila kuoneana aibu. Makovu yanaendelea kukua baada ya kipele kupona, au kuna vinundu vigumu kisogoni kwenye mstari wa nywele. Hivyo vikiwahiwa vinatibika kirahisi zaidi. Au kuna baka lenye magamba ambapo ndevu zinang'oka zenyewe ukizigusa. Hilo la mwisho nalitilia mkazo kwa watu wa kanda yetu ya ng'ombe: kuna fangasi wa mifugo wanaohamia kwenye kidevu cha mchungaji au mkamuaji, wanafanana na vipele vya ndevu kwa mtu asiyezoea, na wanahitaji vidonge. Ukienda nyumbani likizo ukakamua, nitajie.

Usisite kuja eti watu wana shida kubwa kuliko vipele. Ni kweli, kwenye benchi utakaa na watu wenye ualbino waliokuja kuangaliwa saratani ya ngozi, na utajisikia mdogo. Kaa tu, zamu yako itafika. Anzia hospitali ya Sekou Toure au kituo kilicho karibu nawe, uombe rufaa ya kliniki ya ngozi ya hospitali ya Bugando. Usinyoe siku tatu kabla ya kuja, la sivyo tutatazama shingo safi tukose cha kusema. Beba tyubu hiyo hata kama imekwisha, pamoja na wembe wako. Na leo mchana piga picha mbili za shingo karibu na dirisha, kulia na kushoto, bila kuzing'arisha kwenye simu. Hizo tutazilinganisha na za wiki ya nane.